Oili ya mnyororo wa chensoo: ya mimea au ya madini? Mwongozo kamili kwa mkataji na mpasua mbao

Machi mwaka juzi niliweka msumeno wangu stoo hapa Mafinga, Mufindi. Mvua zilikuwa bado zinanyesha na barabara za kuingia shambani hazipitiki. Kwenye tenki la oili ya mnyororo nilibakiza mafuta ya alizeti, nusu tenki hivi. Nilipourudia Juni, mnyororo ulikuwa umeshikwa kwenye bapa kana kwamba seremala ameupaka gundi. Nilifungua kifuniko nikakuta utando wa rangi ya asali umefunika eneo lote la klachi, na pampu ya oili haigeuki. Nikanunua pampu nyingine, na siku tatu za kazi zikapotea kwenye mkataba uliokuwa na tarehe ya mwisho.

Alizeti hiyohiyo, wiki moja kabla ya kulala, ilikuwa inapasua mipaina kutwa nzima na mnyororo ukiwa vuguvugu tu. Kazini haikuwa na dosari. Kilichoharibu ni siku za kulala. Ndiyo sababu mtu akiniuliza achukue oili ya mimea au ya madini, yaani ile inayotokana na mafuta ghafi, mimi humuuliza kwanza: msumeno wako unalala siku ngapi? Wauzaji wengi hawaulizi hilo. Wanauliza una shilingi ngapi.

Kabla sijaendelea, tuelewane kwa majina. Ninaposema bapa, ni lile bamba refu la chuma ambalo mnyororo huzunguka juu yake. Mfereji ni ule mstari uliochongwa ukingoni mwa bapa ambamo mnyororo hutembea. Na oili ninayoizungumzia ni ya mnyororo peke yake. Oili ya 2T inayochanganywa na petroli ni habari nyingine kabisa, na ina tundu lake.

Oili hii inakwenda wapi

Oili ya injini ya gari huzunguka na kurudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ya mnyororo hairudi. Pampu huitoa tenkini, hupita kwenye kitundu kidogo cha bapa, mnyororo huibeba ndani ya mfereji mpaka nchani, na pale inapokata kona huruka. Msumeno ukiwa kwenye kasi kamili, mnyororo hufikia mita 20 kwa sekunde na zaidi, hivyo kila tone lisiloweza kung'ang'ania chuma hutupwa. Huangukia pumba za mbao, udongo na suruali yako. Sehemu yake hupaa kama ukungu mwembamba, nawe unauvuta.

Piga hesabu. Misumeno ya kati na mikubwa hubeba kati ya robo lita na nusu lita ya oili, na imeundwa hivyo ili oili iishe karibu sawa na petroli. Ukijaza tenki la robo lita mara sita kwa siku, umemwaga lita moja na nusu. Kwa siku 20 ni lita 30. Kikundi cha watu kumi, lita 300 kwa mwezi, kwenye kitalu kimoja cha miti. Hakuna aliyezembea hapo. Mashine imetengenezwa ifanye hivyo.

Na sisi tunakatia juu ya vyanzo vya maji. Ruaha Mdogo unaanzia huku Mufindi na kuingia Ruaha Mkuu. Upande wa pili wa mteremko maji hushukia Kilombero. Mwisho wa yote ni Rufiji. Austria, nchi ya milima na misitu, ilipiga marufuku oili ya mnyororo ya madini mapema miaka ya 1990 kwa hoja hiyohiyo: kitu ambacho lazima kimwagike, basi kiwe kitu ambacho udongo unaweza kukila. Katika vipimo vya kuoza vinavyotumika Ulaya, oili inaitwa inayooza kirahisi ikiwa angalau asilimia 60 yake imevunjwa na vijidudu ndani ya siku 28. Mafuta ya mimea huvuka mstari huo bila shida. Oili ya kawaida ya madini haiufikii.

Kwanza achana na oili chafu

Nisiwafiche: wengi wetu hatuchagui kati ya mimea na madini. Tunatumia oili chafu ya gereji, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini za malori, tunayopewa bure au kwa bei ya soda. Nami niliitumia kwa miaka. Hili ndilo jambo ninalotaka mlibadilishe hata kama hamtafuata neno lingine lolote humu.

Oili chafu ina unga wa chuma uliosagika kwenye injini na masizi ya moto. Unga huo hupita kwenye pampu yako na kwenye mfereji kama msasa. Gharama yake huionekani siku hiyo. Utaiona bapa likianza kuchanua kingo na pampu ikianza kutoa matone badala ya mkondo. STIHL na Husqvarna wote wanaikataza kwenye vitabu vyao vya matumizi.

La pili ni mwili wako. Oili ikikaa kwenye injini hukusanya kemikali zinazozaliwa mafuta yanapoungua, na baadhi yake husababisha saratani. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, imeziweka hata oili za madini zisizosafishwa au zilizosafishwa kidogo kwenye kundi la 1, kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu; kwa oili hizi ni ya ngozi. Sasa fikiria oili iliyokwisha kuchemka ndani ya injini kwa kilomita elfu kadhaa, halafu inakurukia mapajani saa nane kwa siku, na unaivuta kama ukungu. Mkataji anayerudi nyumbani na suruali nyeusi ya oili chafu anawabeba watoto na suruali hiyohiyo.

Mbao nazo hupata doa. Kwa nguzo za uzio haidhuru, lakini fundi samani akiona michirizi myeusi kwenye ubao wa mninga anashusha bei, na ana haki.

Kama pesa ndiyo tatizo, nunua oili mpya ya injini ya SAE 40 ya bei ya chini kabisa dukani. Haina kile kinatishi cha oili ya mnyororo, yaani kiambato kinachoifanya ing'ang'anie chuma, kwa hiyo itaruka haraka na utatumia zaidi, lakini ni safi. Hiyo ndiyo sakafu. Usishuke chini yake.

Mambo mawili yanayoamua: unene na kukauka

Makopo ya oili ya mnyororo mara nyingi huwa na namba ya ISO VG. Namba hiyo ni unene wa oili ikiwa kwenye nyuzi joto 40. Zile za madini zinazofaa hali yetu ni VG 100 au 150, ambazo kwa lugha ya gereji ni karibu na SAE 30 na SAE 40. Alizeti kwenye joto hilohilo ina unene wa 30 hadi 35 tu. Mtu akiona namba hizo husema alizeti ni maji, haiwezi kulinda chuma.

Lakini mnyororo unaokata haukai kwenye nyuzi 40. Upandishe hadi nyuzi 100: oili ya VG 100 inaporomoka hadi kama 11, na alizeti inabaki 7 au 8. Pengo la mara tatu limebaki la mara moja na nusu. Mafuta ya mimea hupoteza unene wake taratibu kadiri joto linavyopanda, tena molekuli zake zina ncha inayopenda kushika chuma, hivyo hata utando mwembamba unaobaki unateleza vizuri. Ndiyo maana mnyororo wangu ulikuwa vuguvugu wakati unene wa alizeti kwenye karatasi ulionekana mdogo.

Kukauka ni upande wa pili wa mizani, na hapo madini hushinda wazi. Mafuta ya mimea hunywa hewa. Sehemu zilizo wazi kwenye molekuli hudaka oksijeni, kisha molekuli hushikana zenyewe kwa zenyewe, mpaka mafuta yanakuwa gundi na baadaye gome gumu. Seremala analijua jambo hili na analipenda: mafuta ya kitani hupakwa kwenye samani kwa sababu hukauka yakawa kinga. Kinachomfaa seremala mezani kinaua pampu ya msumeno.

Wakemia wana kipimo cha tabia hiyo, namba ya iodini. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo mafuta yanavyokauka upesi. Kitani hupita 170. Alizeti ya kawaida iko karibu na 130. Karanga ni tisini na kitu, nyonyo ni themanini na kitu, mawese kama 50, nazi ni 10 au chini yake. Oili ya madini haina tabia hii kwa kiwango cha kututisha; iache mwaka mzima kwenye tenki, utakuta imekusanya vumbi tu.

Kumbuka pia kuwa mafuta yaliyo ndani ya tenki lililojaa hukutana na hewa kidogo. Yaliyo kwenye mnyororo ni utando mwembamba uliozungukwa na hewa pande zote. Kwa hiyo mnyororo na kigurudumu cha nchani mwa bapa hushika kwanza, pampu baadaye.

Mafuta ya mimea tunayoyapata huku kwetu

Alizeti ndiyo rahisi kuipata, hasa ukiwa karibu na Singida na Dodoma. Chagua iliyosafishwa. Ile ya kukamua kwenye mashine ndogo ina mashapo na utomvu wake. Ukilazimika kuitumia, iache itulie wiki nzima kwenye dumu, mimina ya juu tu, na uichuje kwa kitambaa kizito. Kuna pia alizeti za mbegu maalumu zenye asidi ya oleiki kwa wingi, ambazo hukauka polepole zaidi. Ukizipata, ndizo bora kwa kazi hii.

Mawese yanavutia kwa sababu hayakauki haraka, na Kigoma yapo tele. Shida yake ni baridi. Kwenye joto la kawaida la nyanda za juu yamekwisha kuganda nusu, na mawese mekundu ya kienyeji yana mashapo yanayoziba chujio dogo lililo ndani ya tenki. Sijawahi kumshauri mtu wa Njombe ayatumie.

Nazi huganda ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mufindi hiyo ni karibu kila asubuhi. Lakini kwa ndugu zetu wa Tanga, Pemba au Mtwara wanaopogoa mikorosho na kukata minazi mizee, ni mafuta ambayo kukauka kwake ni kwa shida sana. Ni mepesi, hivyo yanafaa misumeno midogo yenye bapa fupi, si kupasulia magogo kwa bapa la inchi 36.

Nyonyo yanastahili aya yake. Ni mazito ajabu, karibu 250 kwenye nyuzi 40, na yanang'ang'ania chuma. Kampuni ya Castrol ilipata jina lake kutoka kwenye mafuta haya, enzi yalipokuwa oili ya injini za mashindano na za ndege. Huku kwetu huuzwa kwenye vichupa kama mafuta ya nywele, kwa hiyo kujaza tenki ni kupoteza fedha. Yanafaa kuchanganya: sehemu moja ya nyonyo kwa nne za alizeti hupandisha unene hadi karibu 50. Yachanganye na mafuta ya mimea tu. Na oili ya madini hayaelewani vizuri, hasa kukiwa na baridi.

Mafuta ya chipsi yaliyokwisha kukaangia, hapana. Yana chumvi, maji, asidi na makombo, na yameshaanza safari ya kuwa gundi huko jikoni.

Zipo pia oili za mnyororo zilizotengenezwa kiwandani kutokana na mimea, STIHL BioPlus ikiwa mojawapo. Hizi huwekwa viambato vya kuchelewesha kukauka na vya kunatisha. Hazipo kila duka, ni za kuagiza kwa wakala, na bei yake iko juu. Kwenye kopo tafuta maneno kuwa inaoza, na alama kama ua la Umoja wa Ulaya au Malaika wa Bluu wa Ujerumani. Picha ya jani la kijani peke yake haina maana. Mtu yeyote anaweza kuchora jani.

Kwa upande wa oili ya madini

Hapa sina mengi. Nunua inayosema wazi kuwa ni ya mnyororo wa msumeno. Chovya kidole na kidole gumba, vitenganishe: oili nzuri ya mnyororo huvuta uzi kati ya vidole kabla haijakatika. Uzi huo ndio unaoizuia kuruka. VG 100 kwa nyanda za juu, VG 150 kwa Pwani na kwa anayepasua mbao siku nzima kwenye joto. Oili ya gia ya SAE 140 iache kwa malori. Ni nzito mno kwa pampu ndogo, na asubuhi ya baridi haitoki kabisa.

Jinsi ya kuchagua, hatua kwa hatua

Hatua ya 1: hesabu siku za kulala. Chukua kalenda ya mwaka uliopita, weka alama siku ulizowasha msumeno. Tafuta pengo refu kuliko yote kati ya alama mbili. Pengo likiwa chini ya wiki mbili mwaka mzima, alizeti iliyosafishwa au mchanganyiko wake na nyonyo utakufaa. Likizidi wiki mbili lakini una mapengo machache unayoyajua mapema, kama msimu wa mvua, tumia mimea kazini na madini wakati wa kulaza. Utaratibu nitaueleza chini. Ikiwa ni msumeno wa nyumbani, unaowashwa mti ukianguka uani, weka oili ya madini na usijisumbue. Utamwaga nusu lita kwa mwaka, na utakuwa na uhakika kuwa utawaka na kukata siku ya dharura. Wiki mbili ni mpaka wangu mwenyewe, kwa hewa ya Mufindi. Sehemu za joto punguza ziwe siku kumi, maana joto huharakisha kukauka.

Hatua ya 2: tazama oili itaangukia wapi, na hii inaweza kupindua jibu la kwanza. Unapogoa parachichi Njombe, au unasafisha mti ulioanguka kwenye kijito ambacho kijiji kinachota maji, tumia mimea hata kama msumeno utalala mwezi mzima baadaye, kisha uuoshe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji kwa sababu nzuri. Uliza pia pumba zinakwenda wapi. Kama mama mwenye kuku anakuja kuchukua za kutandika bandani, au kijana wa uyoga anachukua za kuoteshea, hawapaswi kupewa pumba zenye oili ya madini. Na kama unakata kwenye msitu wenye cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, muulize msimamizi kanuni yao ya vilainishi kabla hujaingia na dumu lako.

Hatua ya 3: jaribu baridi. Jaza chupa ndogo ya maji kwa oili unayokusudia, iache nje usiku. Asubuhi ya Juni Makete au Mufindi, kabla jua halijatoka, igeuze juu chini. Ikishuka taratibu kama asali, sawa. Ikikaa bila kujongea, au ukiona chembe nyeupe, pampu yako itazunguka bila kuvuta chochote na bapa litaungua kwa dakika chache tu.

Hatua ya 4: jaribu kukauka. Paka utando mwembamba wa kila oili kwenye kipande cha kioo, andika jina pembeni, weka juani mahali pasipofikiwa na vumbi. Gusa kila siku kwa muda wa wiki mbili. Ile inayoanza kukushika kidole siku ya nne, ujue itafanya hivyohivyo kwenye mnyororo. Jaribio hili halina gharama, nami najuta kwamba sikulifanya kabla ya ile Machi.

Hatua ya 5, pesa. Usilinganishe bei ya lita. Linganisha bei ya mwezi: lita unazotumia kwa siku, mara siku za kazi, mara bei, kisha ongeza sehemu ya bapa na mnyororo uliochakaa mwezi huo. Andika kwenye daftari tarehe uliyofunga bapa jipya na tarehe uliyolitupa. Baada ya mabapa mawili utakuwa na jibu lako mwenyewe, la mti wako na mkono wako. Alizeti ni chakula, na kuna miezi bei yake inapanda sana; mwezi huo sioni aibu kurudi kwenye oili safi ya madini, ilimradi sikatii kwenye maji.

Kubadili kutoka oili moja kwenda nyingine

Mwaga oili yote ya zamani kwenye dumu, usimwage chini. Fungua kifuniko cha gia ya mnyororo, toa bapa na mnyororo. Kwangua mfereji mzima kwa kipande chembamba cha bati au blade ya msumeno wa chuma, na usisahau kitundu cha oili kwenye bapa. Tumia waya mwembamba. Futa eneo la klachi. Vuta chujio la tenki kwa waya uliokunjwa kama ndoana, lisafishe kwa mafuta ya taa, lirudishe.

Sasa weka oili mpya kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, funga kila kitu, washa, na uache mnyororo uzunguke dakika mbili ukiwa umeelekeza ncha kwenye boksi la karatasi. Mwaga iliyobaki, kisha jaza. Siku mbili za kwanza, ondoa na kukagua chujio jioni, kwa sababu oili mpya inaweza kubandua uchafu uliokuwa umekaa.

Ukitoka kwenye oili chafu, fanya zoezi hili mara mbili. Utashangaa jinsi kikombe cha kwanza kitakavyotoka cheusi.

Halafu jaribu mtiririko. Elekeza ncha ya bapa kwenye boksi safi au kisiki kilichokatwa upya, umbali wa sentimita 20, na uvute moto robo tatu. Ndani ya dakika moja lazima uone mstari wa oili. Misumeno mingi mikubwa ina skrubu ya kurekebisha pampu upande wa chini. Oili nyepesi ya mimea hupita kwa wingi, hivyo huenda ukapunguza kidogo. Zungusha skrubu kidogo tu, kisha rudia jaribio. Ukiwa na bapa refu au mti mkavu mgumu, ongeza. Jioni gusa bapa kwa uangalifu: vuguvugu ni salama, lakini likiwa na rangi ya bluu kingoni limeshaungua.

Kazini kila siku

Jaza oili kila unapojaza petroli, bila kubahatisha. Kabla ya kujaza, tazama kilichobaki. Kidogo kikibaki, vizuri. Tenki likiwa bado limejaa wakati petroli imeisha, oili haitoki: kitundu au chujio limeziba, simama hapo hapo. Geuza bapa juu chini kila unapobadilisha mnyororo ili liishe pande zote sawa. Na mnyororo butu unoeni mapema. Hakuna oili, ya mimea wala ya madini, inayoweza kuokoa mnyororo unaotoa vumbi laini badala ya vipande.

Dumu la mafuta ya mimea liandike kwa rangi nyekundu kwamba ni la msumeno, hasa ile ya kiwandani, maana viambato vyake si vya kula. Kambini watu hupika pamoja. Na lifiche panya. Wanatoboa dumu la alizeti usiku mmoja, jambo ambalo hawalifanyi kwa oili ya madini.

Kulaza msumeno uliotumia mafuta ya mimea

Kama ni ya kiwandani yenye vizuia kukauka, toa na usafishe bapa na mnyororo, vipake oili ya kulinda, na tenki lijaze mpaka juu ili hewa isipate nafasi. Hivyo ndivyo STIHL wanavyoelekeza kwa BioPlus.

Kama ni alizeti ya dukani, usijaze. Mwaga yote. Weka oili ya madini robo tenki, washa, acha mnyororo uzunguke mpaka boksi lionyeshe mstari wa oili mpya, dakika tatu zinatosha. Toa bapa, safisha mfereji. Mnyororo uoshe kwa mafuta ya taa, ukaushe, uzamishe kwenye kopo la oili ya madini na uuache humo. Kigurudumu cha nchani kizungushe kwa kidole huku ukikidondoshea oili mpaka kizunguke bila kukwama. Kazi hii yote ni nusu saa.

Na kama umeshaganda

Usilazimishe kuuwasha. Pampu ikigoma huku injini inazunguka, meno yake yanasagika.

Mafuta ya taa na dizeli hayafui dafu kwa gundi ya mimea iliyokomaa. Utaloweka usiku kucha na kukuta inateleza juu tu. Kinachoivunja ni magadi. Chemsha maji, tia vijiko viwili vya magadi soda na sabuni ya unga kwa kila lita, zamisha mnyororo na bapa kwa saa moja, sugua kwa brashi ya waya laini. Gundi inageuka kuwa sabuni na kutoka. Suuza kwa maji ya moto, kausha juani au kwa upepo wa kompresa, na pakaa oili papo hapo kabla kutu haijaanza.

Magadi ni kwa chuma tu. Usiyaguse kwenye mwili wa msumeno, kwa sababu mwili huo ni wa aloi nyepesi na magadi hula alumini. Sehemu ya klachi na pampu ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa ya uvuguvugu, mara nyingi, kwa subira, na ukikwangua tumia kijiti cha mbao. Mafuta hayo yapashe moto kwa kuweka chupa ndani ya maji ya moto, mbali na jiko. Geuza gia ya pampu kwa mkono. Ikisogea hata kidogo, dondoshea oili nyepesi ya madini na uiache mpaka kesho yake, kisha ujaribu tena. Mimi sikusubiri hiyo siku moja. Niliishika kwa koleo nikaivunja.